Kazi yote iko kwenye kuosha

Hii ni hotuba kuhusu polima zenye chapa ya molekuli, yaani plastiki za kunasa molekuli moja tu kutoka kwenye damu au mkojo, niliyoitoa mbele ya wanafunzi na watu wa maabara, naiweka yote hapa kwa ajili ya ambao hawakuwepo. Picha za projekta nimeziacha.

Habari za asubuhi ndugu zangu. Walimu wangu mlioko hapo mbele shikamooni, vijana wa nyuma karibuni, na nyie mliosimama ukutani viti bado vipo, sogeeni tu.

Nianze na swali. Una mililita moja ya plasma ya damu, imetulia kwenye kichupa, ina rangi ya njano hivi. Ndani kuna nini? Nasikia mnasema protini. Sawa kabisa, protini ziko gramu 60 mpaka 80 kwenye kila lita na zaidi ya nusu ya hizo ni albumini peke yake. Halafu kuna mafuta, chumvi, sukari, mabaki ya dawa alizomeza mgonjwa jana, yaani kila kitu kimo. Sasa mimi humo ndani natafuta estradioli, homoni, na yenyewe tunaihesabu kwa pikogramu. Pikogramu jamani! Chukua gramu moja uikate vipande trilioni moja, kipande kimoja ndio pikogramu. Mililita ileile yenye miligramu 40 hivi za albumini, mimi natafuta kitu ambacho mara nyingi ni makumi tu ya pikogramu.

Najua wengine mnawaza, si tunayo spektrometa ya masi, ile mashine ya kutambua molekuli kwa uzito wake, tunaweka tu sampuli mashine itaona yenyewe. Haioni. Mashine hiyo inaona molekuli iliyobeba chaji, na pale kwenye mdomo wa kupulizia molekuli zote zinagombania chaji kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiipelekea plasma chafu uchafu ndio unashinda kwa wingi wake na ile homoni yako inazama kimyakimya, unaandika haipo kumbe ipo. Mgonjwa anapewa jibu la uongo na hakuna aliyedanganya.

Ndio maana lazima kitu kitangulie kabla ya mashine, kitu cha kushika unachokitaka na kuachia mengine yote yapite. Na hapo ndipo zinapoingia hizi polima zenye chapa ya molekuli, ambazo wengi mnaziita MIP. Leo nina neno moja tu na nitalirudia: kazi yote iko kwenye kuosha. Kutengeneza polima mtajifunza kwa siku mbili. Kuosha ndiko kunakotofautisha polima inayofanya kazi na unga mweupe usio na maana.

Hebu nieleze kwanza wazo lenyewe kwa wale wageni. Ukikanyaga saruji mbichi ukaondoa mguu, unyayo unabaki, na ikishakauka mguu wenye umbo lile unaingia vizuri kuliko mwingine wowote. Sisi tunafanya hivyohivyo kwa molekuli. Unachukua molekuli unayoitafuta, tunaiita kiolezo, unaiweka kwenye kiyeyushi pamoja na monoma, yaani molekuli ndogo zinazoungana kuwa plastiki, zinazopenda kuishika, kwa mfano asidi ya methakriliki inayoishika kwa bondi za haidrojeni. Unaongeza kiunganishi kingi sana, kile cha kufanya plastiki iwe ngumu isibadilike umbo. Kipimo ambacho watu wengi wanaanzia ni molekuli 1 ya kiolezo, 4 za monoma, 20 za kiunganishi. Ishirini! Ndio ujue ugumu unatoka wapi. Kisha unapitisha nitrojeni ibubujike humo mpaka oksijeni itoke, maana oksijeni inaua mmenyuko, unaziba, unaweka kwenye maji ya nyuzi 60 mpaka kesho yake.

Kesho yake unakuta jiwe. Jiwe jeupe limejaa kwenye mrija wa kioo, mrija unaufunga kwa kitambaa unaugonga kwa nyundo, unaokota vipande vya kioo kimoja kimoja, halafu unachukua kinu na mchi unatwanga. Mkono unauma. Unga unachekecha kwenye chekeche mbili, unachukua zile chembe za katikati, halafu unaziweka kwenye asetoni zitulie, vumbi laini linabaki linaelea juu unalimwaga, unaongeza asetoni nyingine, unarudia mpaka asetoni ibaki safi. Robo ya unga wako au zaidi inapotea hapo hapo. Siku hizi kuna njia nzuri zaidi zinazotoa chembe za duara moja kwa moja bila kutwanga, lakini mimi nashauri kila mwanafunzi atwange angalau mara moja, mkono wako ukumbuke hiki kitu ni nini.

Wazo hili ni la zamani na historia yake naipenda sana, niacheni nikae hapo kidogo. Mwaka 1894 Emil Fischer alisema kimeng'enya na kitu chake ni kama kufuli na ufunguo. Mwaka 1931 mwanakemia mmoja wa Kisovieti, Polyakov, aliona kwamba silika, ile kitu ya asili ya mchanga, iliyokaushwa ikiwa na benzini inaipenda benzini baadaye. Kisha akaja Linus Pauling, na mwaka 1940 akasema kingamwili za mwilini zinatengenezwa kwa kujikunja kuzunguka adui, yaani adui mwenyewe ndiye kiolezo. Sasa sikilizeni vizuri. Pauling alikosea! Mwili haufanyi hivyo hata kidogo. Lakini mwanafunzi wake Frank Dickey alichukua wazo lile likiwa bado ni wazo, akatengeneza silika mbele ya rangi inayoitwa methyl orange, nyingine mbele ya ethyl orange, na nyinginezo za ukoo huohuo, akaosha, akapima. Mwaka 1949 akatoa matokeo: kila silika inashika zaidi rangi iliyozaliwa nayo. Wazo lililokuwa na kosa kuhusu mwili likawa sahihi ndani ya bika. Mimi hadithi hii kila nikiisimulia nasisimka.

Mwaka 1972 Günter Wulff huko Ujerumani akaingiza jambo hili kwenye plastiki, kiolezo kikiwa kimefungwa kwa bondi kamili za kemikali. Klaus Mosbach na wenzake pale Lund, Sweden, wakaja na njia rahisi ya kutumia bondi dhaifu tu, ndio hiyo tunayoifanya wengi wetu leo. Na mwaka 1993 timu hiyo ya Lund ikaonyesha jambo lililotikisa watu. Walitengeneza polima yenye chapa ya teofilini, dawa ya pumu. Teofilini na kafeini ni kama pacha, zinatofautiana kwa kikundi kimoja tu cha methili. Kimoja! Na ile polima ikazitofautisha, na vipimo vyao vya seramu ya watu vikaenda sambamba na vipimo vya kingamwili. Plastiki, ndugu zangu. Kitu kisicho na uhai, kisichohitaji friji, kinachovumilia asidi na joto, hakuna mnyama aliyedungwa sindano ili kipatikane. Mwaka uliofuata Börje Sellergren akatumia polima ya aina hii kuvuta dawa ya pentamidini kutoka kwenye mkojo, na hapo ndipo uchujaji wa sampuli kwa MIP ulipoanza rasmi.

Sasa tuje kwenye kuosha. Kuna kuosha kwa aina mbili na zote zina machozi.

Kuosha kwa kwanza ni kukitoa kiolezo. Unyayo hauna faida kama mguu bado umo ndani. Nilipokuwa mwanafunzi nilitengeneza polima yangu ya kwanza, nikaiosha siku mbili kwenye Soxhlet, kile kifaa cha kuosha mfululizo kwa kiyeyushi, kwa methanoli na asidi ya asetiki, nikaijaza kwenye katriji, kile kibomba kidogo cha kupitishia sampuli, nikapitisha plasma niliyoiwekea dawa kidogo, nikaona kilele kizuri, ile alama ya kwamba dawa ipo, kimesimama kwenye skrini kama mlingoti. Nikafurahi. Nikapiga simu nyumbani. Wiki nzima napitisha sampuli na kila moja inatoa kilele kizuri, naandika namba zangu kwenye daftari kwa wino mweusi.

Pale maabara kulikuwa na mama mmoja fundi wa mashine, amekaa na mashine zile miaka mingi, hasemi sana. Akaja akasimama nyuma yangu akaangalia skrini muda, akaniuliza, "Mwanangu, umepitisha maji matupu kwenye katriji hiyo?" Nikamwambia, "Hapana mama, sampuli zangu zote zina dawa." Akasema, "Pitisha maji." Akaondoka zake.

Nikachukua katriji mpya ya polima ileile, nikapitisha maji matupu, nikaendelea na hatua zote kama kawaida, nikaweka kwenye mashine. Kilele kikasimama palepale. Kwenye maji! Dawa haikuwa inatoka kwenye plasma, ilikuwa inatoka kwenye polima yangu mwenyewe, kiolezo kilichobaki ndani kinavuja kidogo kidogo kila ninapomwaga kiyeyushi cha kutolea. Wiki nzima nilikuwa napima kiolezo changu mwenyewe.

Hebu tupige hesabu pamoja, maana hesabu hii ningeipiga mapema ningejua. Umetumia kiolezo miligramu 300, umepata polima gramu 4.3 hivi. Umeosha vizuri sana, umetoa asilimia 99.9. Mnapiga makofi? Msipige. Kilichobaki ni miligramu 0.3, yaani maikrogramu 300, kimetawanyika kwenye gramu 4.3. Katriji yako ina miligramu 25 za polima, kwa hiyo humo ndani kumebaki zaidi ya nanogramu 1,700. Na wewe sampuli yako ina nanogramu 5. Hata kikivuja kidogo tu, kimekupita. Ndio maana nasema asilimia 99.9 ni namba inayodanganya, sema umebakiza nanogramu ngapi kwenye katriji na zinavuja ngapi kila ukitoa.

Dawa ya tatizo hili ipo na ni ya akili sana. Usitumie kile unachokitafuta kama kiolezo, tumia ndugu yake. Molekuli inayofanana nayo kwa umbo lakini mashine inaweza kuitofautisha. Ikivuja, inavuja yenyewe, kilele chake kinatokea mahali pengine na hakikusumbui. Watafiti walifanya hivi kwa dawa ya sameridini mwaka 1997 na tangu hapo ni desturi nzuri. Mimi baada ya yule mama hadi leo sikubali namba yoyote kabla sijaona maji matupu yamepita kwanza. Mnanisikia wanafunzi? Maji matupu kwanza, halafu plasma isiyo na dawa, halafu ndio tuongee.

Kuosha kwa pili ni pale sampuli ikishapita kwenye katriji, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya bila kujua. Polima umeitengeneza kwenye asetonitrili au tolueni, huko bondi za haidrojeni zina nguvu. Sasa unamwaga plasma au mkojo, maji yamejaa kila mahali, na maji yenyewe yanapenda bondi za haidrojeni kuliko mtu yeyote, yanaingia katikati ya molekuli na tundu lake yanavuruga. Hata wale wa Lund dawa waliihamisha kwanza kutoka kwenye seramu kwenda kwenye kiyeyushi kisicho maji. Kinachotokea ni kwamba ndani ya maji kila kitu chenye asili ya mafuta kinakimbilia kwenye plastiki kujificha, kinajibandika popote, tundu au si tundu.

Mnajuaje sasa kama kilichoshikwa kimeshikwa na tundu? Mnajuaje? Lazima uwe na polima pacha isiyo na chapa, umeitengeneza kwa kila kitu kilekile, joto lilelile, siku ileile, isipokuwa kiolezo hukuweka. Kijana mmoja niliyemsimamia alikuja kwangu uso umemshuka, polima yenye chapa imeshika dawa karibu yote na isiyo na chapa nayo imeshika karibu yote. Akasema, "Mwalimu, nimeshindwa, hii haina chapa." Nikamuuliza umeosha na nini baada ya sampuli? Akasema maji. Nikamwambia kausha katriji vizuri, maji yote yatoke, vuta hewa ipite, halafu osha kwa asetonitrili kidogo kidogo. Tukakaa naye tunaosha mililita moja moja na kila mililita tunaipeleka kwenye mashine. Mililita ya kwanza ile isiyo na chapa ikaanza kuachia. Ya pili ikaachia zaidi. Yenye chapa imekaa kimya, imeng'ang'ana. Kumbe kwenye asetonitrili kile kilichokuwa kimejibandika tu kinaondoka na kile kilichoko ndani ya tundu kinapata nguvu zake za asili, kimerudi kwenye kiyeyushi kilichozaliwa nacho. Mwisho tukaweka methanoli yenye asidi, na yenye chapa ikatoa dawa yake safi. Yule kijana alikuwa anaangalia mirija ile miwili mpaka akasahau kula. Chapa ilikuwepo tangu mwanzo, ilifichwa na kuosha kubaya.

Naona mkono pale, ngoja kidogo nitakujibu, najua unataka kuuliza protini.

Protini ni habari nyingine na hapa nitakuwa mkweli. Molekuli ndogo kama dawa na homoni, jambo hili limekomaa, katriji zinauzwa tayari, kuna za klenbuteroli, kuna za NNAL, ile alama ya moshi wa tumbaku kwenye mkojo. Protini bado tunahangaika. Fikiria mwenyewe. Kwanza ni kubwa, ukiijengea plastiki ngumu pande zote haitoki, imezikwa hai. Pili haipendi asetonitrili wala joto la nyuzi 60, inakunjuka inapoteza umbo, sasa umechapa umbo la nani? Ni kama kuchapa uso wa mtu aliyelala kifudifudi. Tatu ina sehemu nyingi za kushikia juu yake, na protini nyingine nazo zina sehemu kama hizo hizo, kwa hiyo albumini kwa wingi wake inaingia kila mahali bila kualikwa.

Watu wamepambana kwa njia nzuri. Moja ni kuchapa juu juu tu, unachukua chembe ndogo ya chuma chenye sumaku, unaifunika kwa ngozi nyembamba sana ya polima na chapa inakaa kwenye ngozi hiyo, protini inaingia na kutoka bila kuzama. Raha ya hii uione kwa macho: unatia chembe kwenye plasma, inakuwa rangi ya kahawia iliyoiva, unatikisa, halafu unasogeza sumaku ubavuni mwa kichupa na ule weusi wote unahama, unajikusanya ukutani kama mstari, plasma inabaki imetakata. Hakuna kuzungusha kwenye sentrifuji, hakuna katriji kuziba. Nyingine ni kuchapa kipande tu, unachukua mkia wa protini, asidi amino chache, unaufanya kiolezo, na protini nzima inakuja kushikwa mkia. Hii mimi ndio naiamini zaidi, maana kipande kifupi kinavumilia mateso ya kutengeneza polima, na ni rahisi kukiosha kikatoka. Nyingine ni asidi ya boroniki inayoshika sukari zilizoko juu ya protini, kwenye pH ya alkali kama 8.5 inakamata, ukishusha kwenye asidi inaachia. Tazama uzuri wa hilo, hata kuosha kumeshafikiriwa ndani ya kukamata!

Na wale wanaodhani haya ni ya kwenye mirija tu, mwaka 2010 timu ya Kenneth Shea wa California na wenzao wa Japani walitengeneza chembe ndogo ndogo zenye chapa ya melitini, ile sumu ya nyuki yenye asidi amino 26. Wakawapa panya sumu, kisha wakawadunga zile chembe kwenye mshipa, na chembe zikaishika sumu ndani ya damu inayotembea, panya wengi zaidi wakapona. Ndani ya damu hai, yenye protini zote zile nilizowatajia mwanzo. Kwa hiyo inawezekana. Ni ngumu lakini inawezekana.

Ninachowaomba, nyie mnaosoma makala za watu na mtakaoandika zenu, ni kuwa wakali hapa. Ukiona mtu ameshika protini kama hemoglobini au lisozaimu kwenye bafa safi, yaani maji yaliyowekwa pH maalumu, isiyo na kitu kingine, muulize, plasma iko wapi? Ukiona hana polima isiyo na chapa, muulize, pacha yuko wapi? Ukiona anayo lakini hajaeleza ameosha na nini, mililita ngapi, mara ngapi, funga makala hiyo. Siwaambii hivi kwa ubaya. Nawaambia kwa sababu upande wa pili wa namba hizi kuna mtu amenyoosha mkono akatolewa damu, anasubiri jibu.

Sasa nimewaletea kitu. Vichupa hivi viwili naanza kuvipitisha kutoka huku kushoto, kimoja kina unga wenye chapa na kingine hauna, nimevitengeneza siku moja na nimeviandika A na B chini ya kizibo. Shikeni, tikiseni, viangalieni kwenye mwanga, na kila mmoja aniandikie kwenye karatasi anadhani kipi ni kipi. Katriji zake ziko pale mezani zimeshajazwa, plasma ipo, asetonitrili ipo. Yule aliyenyoosha mkono wa protini njoo mbele na swali lako, na nahitaji watu wawili wa kuosha.